Mtoto Akiita, Nani Anaitika? Elimu ya malezi ni nini, na si nini

Kila Mei 15, Siku ya Kimataifa ya Familia inapowadia, neno "malezi" huzunguka kwenye midomo ya kila mtu. Mgeni rasmi anapanda jukwaani na kusema wazazi wameacha malezi. Redioni msikilizaji anapiga simu kuwalalamikia vijana wanaovaa suruali chini ya kiuno. Kwenye daladala mzee mmoja anahitimisha kwamba zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Wiki hiyohiyo, kwenye benchi la kliniki, mama mwenye mtoto wa miezi minne anaambiwa asubiri kidogo, kuna somo la malezi. Anamtazama mwanawe anayetafuna ngumi na kujiuliza: huyu hajaanza hata kukaa, nikamfunze adabu gani?

Ana haki ya kujiuliza, kwa sababu neno moja limebebeshwa mizigo mitatu. Wako wanaosema malezi wakiwa na maana ya nidhamu na maadili, na mara nyingi kinachowasumbua ni kijana aliyekwishabalehe. Wako wanaofikiria shule: mtoto aanze mapema darasa la awali, ajue a-e-i-o-u kabla ya wenzake. Na wako wataalamu wa afya na ustawi wa jamii, ambao kwao malezi ni kila anachofanyiwa mtoto tangu mimba inapotungwa mpaka anapozoea shule. Elimu ya malezi inayotolewa kliniki, kwenye vikundi vya akina mama au nyumba kwa nyumba ni hiyo ya tatu. Na mwanafunzi wake si mtoto. Mwanafunzi ni wewe unayemshika.

Hapo ndipo wengine wanapokunja uso. "Mtufundishe kulea? Hayo si mambo ya kizungu? Kwani sisi tulilelewa na nani?" Maswali hayo nitayarudia, maana si ya kupuuzwa.

Herufi zinazotisha

Desemba 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane. Wenye kazi yao huiita PJT-MMMAM, kifupisho ambacho kukitamka tu ni mazoezi ya ulimi. Tuyachukue maneno yake moja moja.

Makuzi ni mwili: uzito, urefu, meno, mzunguko wa kichwa. Haya yanapimika kwa mizani na futi. Maendeleo ni uwezo: kukaa, kutambaa, kuelewa, kusema, kucheka na mtu anayemjua na kumwogopa asiyemjua. Mtaani tunazo lugha zetu za mambo haya mawili. Tukisema "mtoto mkubwa huyu," tunazungumzia makuzi. Tukisema "mtoto amechangamka," tunazungumzia maendeleo. Na sote tumewahi kumwona mtoto mnene aliyepooza, asiyegeuka hata akiitwa. Malezi ndiyo kazi ya mtu mzima inayoyabeba yote mawili.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo uliokusanya mahitaji ya mtoto mdogo katika mafungu matano: afya njema, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, fursa za kujifunza mapema, na malezi yenye mwitikio. Nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwamo, zimejenga mipango yao juu ya matano hayo. Yafikirie kama vidole vya mkono. Vinne vya kwanza hata asiyesoma anavielewa: chanjo, chakula, chandarua, michezo. Cha tano, mwitikio, ndicho kinachoachwa bila kuelezwa. Nacho ndicho kidole gumba. Jaribu kushika kikombe bila gumba uone.

Abee inapogeuzwa

Sisi Waswahili neno hili lingepaswa kuwa jepesi kwetu. Mwitikio unatokana na kuitika. Mtoto wa kike akiitwa anafundishwa kujibu "abee," wa kiume "naam," na asiyeitika anaambiwa hana adabu. Katika malezi ya mtoto mchanga mambo yamegeuka: anayeita ni mtoto, anayepaswa kuitika ni mkubwa.

Mtoto wa miezi miwili anaita kwa macho na kwa ile sauti ya "aguu." Wa miezi mitano anaita kwa kupiga miguu. Wa miezi tisa ananyoosha kidole kwa kuku anayepita uani. Kila wito ni hodi. Ukimtazama ukamjibu, "Eeh, kuku huyo! Anakwenda wapi kuku?", umesema karibu. Naye atabisha tena, safari hii kwa sauti ndefu zaidi. Mazungumzo ya namna hiyo hayahitaji mtoto ajue neno hata moja. Yanahitaji zamu: yeye, wewe, yeye, wewe.

Hodi isipoitikiwa inakuwaje? Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alifanya jaribio ambalo mpaka leo linawatoa watu machozi. Mama anacheza na mwanawe kama kawaida, kisha anaambiwa aendelee kumtazama kwa dakika chache huku uso umekauka, hacheki, hajibu. Mtoto anajaribu kila alichonacho. Anatabasamu, ananyoosha kidole, anapiga kelele. Mwisho anageuza uso na kulia. Hakupigwa wala hakunyimwa titi. Alichokosa ni kuitikiwa tu. Kisha mama anarudi kuwa mama, na mtoto anatulia. Sehemu hii ya mwisho ni muhimu kwa mzazi mwenye wasiwasi: hakuna anayeitika kila mara. Unapika, umechoka, simu inaita. Kinachomjenga mtoto ni kwamba mara nyingi anajibiwa, na pale anapokosa, mtu anarudi.

Sasa lile swali la "mambo ya kizungu." Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye kazi yake ni mojawapo ya nguzo za elimu hii yote, hakuanzia Ulaya wala Marekani kuwachunguza watoto majumbani. Alianzia Uganda. Mwaka 1954 na 1955 alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, nyumba moja baada ya nyingine, kila baada ya wiki mbili hivi, akiwa na mkalimani. Aliona watoto waliokuwa na uhakika na mama zao wakithubutu kutambaa mbali, kugusa vitu, kisha wakirudi kujihakikishia kwamba mama yupo. Aliona pia kwamba mama aliyeweza kumsimulia mwanawe kwa kina, anapenda nini, analiaje akiwa na njaa na analiaje akiwa na usingizi, mara nyingi ndiye mwenye mtoto wa namna hiyo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Kwa hiyo anapokuja mhudumu wa afya na kusema "msome mtoto wako," amebeba, pamoja na mengine, walichomfundisha mgeni akina mama wa Buganda.

Kwani mama zetu walisoma wapi?

Walisoma uani. Arobaini ilikuwa darasa. Mama mzazi hakuachwa peke yake. Palikuwa na mama yake au mama mkwe, palikuwa na mkunga, na mashangazi wa kumwonyesha namna ya kumkalisha mtoto titini, kumkanda na kumbeba. Somo au kungwi aliyemfunda mwali alibaki kuwa mtu wa kuulizwa hata baada ya ndoa. Binti mwenyewe alikuwa ameshabeba wadogo zake watatu mgongoni kabla ya kuzaa wa kwanza.

Leo binti huyo anaishi chumba kimoja Mbagala au Kayole. Mama yake yuko Tandahimba au Busia, na ushauri unakuja kwa ujumbe wa sauti, ukiwa umechanganyika na picha za dawa za kuongeza maziwa zinazouzwa na watu asiowajua. Uani umepotea, na shule iliyokuwa ndani yake imefungwa. Elimu ya malezi, ikifanywa vizuri, ni jaribio la kuurudisha uani huo. Ikifanywa vibaya inakuwa hotuba ya dakika kumi huku watoto wanalia na mizani inasubiri, na akina mama wanatikisa kichwa ili somo liishe.

Kwamba ikifanywa vizuri inazaa matunda, si maneno ya jukwaani. Mfano unaotajwa sana ni wa Kingston, Jamaica. Kuanzia mwaka 1986, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri kati ya miezi 9 na 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Baadhi ya familia zilitembelewa na mhudumu wa afya ya jamii kila wiki, kwa saa moja hivi, kwa miaka miwili. Mhudumu hakuja kumfundisha mtoto. Alikuja kukaa na mama na kumwonyesha namna ya kuzungumza na kucheza na mwanawe kwa vitu vya kutengeneza nyumbani. Miaka ishirini baadaye waliokuwa wametembelewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Karibu na kwetu, magharibi mwa Kenya, mpango ulioitwa Msingi Bora ulitumia vikundi vya kijijini vilivyokutana mara moja kila wiki mbili, jumla ya vikao 16, na watoto wa familia zilizoshiriki wakapata nafuu inayopimika katika kuelewa na katika lugha. Hakuna mashine wala dawa iliyotolewa, na walioongoza vikao hawakuwa maprofesa bali wahudumu wa kujitolea wa vijiji hivyohivyo.

Haraka ya nini?

Unaweza kuuliza kwa nini wanahangaika na mtoto ambaye hatakumbuka chochote. Akumbuke asikumbuke, ubongo unajengeka. Kufikia karibu miaka mitatu umeshafika takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Fikiria kiwanja chenye majani kinachokatizwa na watoto wa shule. Panapopitwa kila siku majani yanalala, njia inatokea, na baada ya mwezi hata mgeni anaifuata. Pasipopitwa, majani yanafunga. Kila wito unaojibiwa ni mguu mmoja umepita.

Ila mfano huo usikutie hofu ya kupitiliza. Kuna maneno yanayosambaa kwamba mtoto akishafika miaka mitatu, au siku 1000 zikiisha, mlango umefungwa. Si kweli. Siku 1000, yaani tangu mimba hadi miaka miwili, ni wakati ambao lishe mbaya inaacha alama ngumu kufutika, hasa katika urefu. Lakini Romania, ambako maelfu ya watoto walikutwa katika vituo vya serikali baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, utafiti uliofanyika Bucharest ulionyesha kwamba waliohamishiwa kwenye familia walipata nafuu, na waliohamishwa kabla ya miaka miwili walinufaika zaidi. Mapema ni bora, lakini kuchelewa nako si kufungiwa nje.

Yanayosemwa mtaani

"Ukimbeba sana atadeka." Mtoto wa miezi mitatu hana uwezo wa kupanga hila. Analia kwa sababu ana njaa, amelowa, anaumwa, amechoka, au anataka mtu. Kumbeba hakumharibu. Wazee waliobuni mbeleko walilijua hilo.

"Mkoa wetu una joto, mtoto apewe maji." Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, karibu asilimia 88. Mtoto wa chini ya miezi sita akinyonya anakula na kunywa kwa pamoja, hata Tanga, hata Lamu. Maji unayompa yanajaza tumbo dogo, yanapunguza hamu ya kunyonya, na yanaweza kumletea kuhara. Yale maziwa ya kwanza ya manjano, dang'a, ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani yamelala, ndiyo yenye kinga nyingi kuliko yote. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza.

"Nampa uji wa lishe wenye nafaka saba." Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu mama anayesema hivi anajitahidi na anatumia pesa. Mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukizichanganya zote tano bado una wanga, kama mtu aliyevaa mashati matano bila suruali. Karanga na dagaa wakisagwa humo humo, unga unaharibika upesi, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota ukungu wenye sumukuvu, sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nafaka moja au mbili zinatosha. Kinachotakiwa ni kando ya uji: yai, maharage yaliyopondwa, dagaa, mchicha, papai, maziwa. Na namna ya kulisha nayo ni lishe. Mtoto anayebanwa pua ili ameze uji anajifunza kukiogopa kikombe. Mlishe ukimtazama, ngoja ameze, mwongeleshe. Akigeuza uso, pumzika kisha ujaribu tena. Hata hapo anaita, na wewe unaitika.

Takwimu zinaeleza kwa nini nasisitiza. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako mahindi, maharage na viazi hujaa ghalani. Chakula kipo. Ila mama anakwenda shamba alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane, na chungu cha uji mweupe kinakwenda mpaka jioni. Gunia halimlishi mtoto. Mtu mwenye muda ndiye anayemlisha.

Kisha kuna kubemenda. Mtoto akidhoofu, shingo ikilegea, akachelewa kutembea, mtaa unanong'ona: wamembemenda. Maana yake baba na mama wamekutana kimwili kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, wala hakuna kinachosafiri kutoka huko kwenda kwenye titi. Lakini nisingependa wazee wetu wachekwe. Mwiko huo ulikuwa njia ya kupanga uzazi kabla ya vidonge na vijiti. Mama akishika mimba nyingine mtoto akiwa na miezi minane, mara nyingi ziwa linakatwa mapema, nguvu za mama zinagawanyika, na mtoto wa kwanza anadhoofu kweli. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Wazee waliona matokeo sawasawa, wakakosea kisababishi.

Ubaya wa imani hii ni aibu inayoambatana nayo. Mama anayehofia kuambiwa amembemenda mwanawe anamficha ndani, anamwogesha dawa za mizizi, na mtoto mwenye utapiamlo mkali, kifua kikuu au mtindio wa ubongo anafika hospitali akiwa amechelewa. Ukimsikia mtu ananong'ona hivyo kuhusu jirani, msindikize huyo jirani kliniki.

Meno ya plastiki sitayapa nafasi kubwa. Hayapo. Kinachong'olewa kwa spoku ya baiskeli kwenye ufizi wa mtoto mwenye homa na kuhara ni meno yake mwenyewe ambayo hayajachomoza. Wako waliokufa kwa kuvuja damu na kwa maambukizi. Kuhara kunatibiwa kwa maji yenye chumvichumvi (ORS) na zinki.

Katuni na darasa la watoto wa pampas

Swali linaloulizwa zaidi siku hizi kwenye makundi ya wazazi ni hili: mwanangu ana miaka miwili na nusu, haongei. Majibu yanakuja kwa kasi. Baba yake pia alichelewa. Mkateni udata. Mpelekeni shule atachangamka akiona wenzake.

Mara nyingi ukiuliza zaidi unaambiwa mtoto anashinda mbele ya televisheni, anaimba nyimbo za Kiingereza zote, ila hawezi kuomba maji. Sababu ni ileile. Katuni inaongea bila kukoma lakini haiitiki. Mtoto akinyoosha kidole, katuni inaendelea na safari yake. Akisema "gari," hakuna anayemwambia "ndiyo, gari jekundu." Ni hodi kwenye nyumba yenye redio na isiyo na watu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Simu ya video na bibi ni habari nyingine. Bibi anaitika.

Lakini si kila anayechelewa kusema ameharibiwa na televisheni, na wala si kila mmoja "atajirekebisha." Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akisikia sauti, asiyebwabwaja wala kunyoosha kidole, au wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno hata moja, au wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili kama "mama njoo," apelekwe akapimwe. Jambo la kwanza kupimwa ni masikio. Inasikitisha kuona mtoto kiziwi anachapwa kwa ukaidi.

Kuhusu shule, fursa za kujifunza mapema hazina maana ya kumvisha sare mtoto anayevaa bado pampas na kumkalisha dawatini aandike namba. Mtoto wa miaka miwili anajifunza kwa kopo na mfuniko wake, kwa magunzi, kwa kumwaga maji na kuyateka tena, kwa paukwa-pakawa ya jioni. Kituo kizuri cha mchana kinampa hayo pamoja na mlezi anayemjua kwa jina. Kabla ya kuuliza ada, hesabu watoto kwa kila mlezi, kisha sikiliza: je, wanajibiwa, au wananyamazishwa?

Na fimbo? Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 bado inaruhusu adhabu ya kurekebisha, lakini inasema wazi kwamba haikubaliki kwa mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa kusudi la adhabu hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 imekwenda mbali zaidi na kumlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Mtoto wa miezi kumi na minne aliyemwaga mchuzi hakuvunja amri. Alikuwa anafanya utafiti.

Somo linamkosa anayelea

Nina lawama moja kwa elimu hii kama inavyotolewa. Inamfuata mama kliniki kana kwamba mama ndiye anayeshinda na mtoto. Katika nyumba nyingi za mijini likizo ya uzazi ikiisha, anayeshinda na mtoto ni dada wa kazi, au bibi, au mama wa kituo. Baba naye anaitwa kwa mbinu ya foleni: njoo na mwenzi wako utangulie kuhudumiwa. Mbinu hiyo imezaa vituko vya wanawake kumwomba dereva wa bodaboda akae nao benchini kwa dakika ishirini. Anayeumia zaidi ni mama aliyeachwa, anayeombwa barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba yuko peke yake.

Mama huyo naye anahitaji kuitikiwa. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, na unatibika. Mama anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akilala, asiyejisikia kumshika mwanawe, si mvivu wala hakurogwa. Huwezi kumwambia mtu aliyeishiwa amjibu mtoto kabla hujamjibu yeye.

Mwanangu wa kwanza alilelewa mchana na binti aliyetoka Singida. Mimi nilidhani kazi yangu ni kununua maziwa. Jioni moja nilirudi mapema nikawakuta uani, amemweka kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo na kumwonyesha kila anachokitoa. "Hii jiwe. Hii chuya. Tutupe?" Anangoja. Mtoto anapiga kelele. "Haya, tumetupa." Neno la tatu la mwanangu, baada ya mama na maji, lilikuwa chuya. Binti yule hakuwahi kukaa kwenye somo lolote la malezi. Alilelewa na bibi yake, na uani wa bibi alikuja nao mjini. Wengine hawakubahatika kuwa na uani wa kuja nao, nasi tunawaachia watoto na rimoti.

Chanjo ya pili ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Baada ya hapo benchi la kliniki hubaki wazi, kwa sababu wazazi wengi wanaamini kliniki ni sindano, na sindano zimeisha. Ratiba ya kupima makuzi inaendelea hadi miaka mitano, na ni katika miezi hiyo ndipo mtoto anaanza kusema, kukataa, kuuliza. Ukienda, usiridhike na uzito peke yake. Omba apimwe urefu, maana kudumaa hakuonekani kwenye mizani, kisha mwulize muuguzi mtoto wa umri huu anapaswa kufanya nini na umwonyeshe asichokifanya. Na kama anayeshinda naye ni dada, basi aende dada. Nauli ni juu yako.